Njugu za Feri ya Mbita

Feri ilipoondoka Mbita, mama mmoja mwenye vidole vilivyopinda aliwagawia majirani zake wa benchi njugu za kukaanga. Mchungaji aliyeketi kando yake akaanza kutafuna. Trizah, msichana aliyeketi upande wake wa pili, alishukuru, akazifumbata.

“Ni ukoma,” mama alimweleza mchungaji. “Nilimeza dawa nikapona. Lakini kwa Meza ya Bwana bado napewa kikombe changu peke yangu.”

“Wanakukosea, mama.”

“Si wanafuata Neno? Walawi inasema mwenye ukoma akae nje ya kambi.”

“Inasema pia akipona, kuhani amtangaze kuwa safi.”

“Alinitangaza, mtumishi, mbele ya watu wote. Kikombe ndicho hakijasikia.”

“Basi hilo kanisa lina unafiki,” mchungaji akasema, akachota njugu zingine.

Trizah alitikisa kichwa kukubali, tena kwa nguvu. Aliwaonea hasira watu wa kanisa hilo, ambao hakuwajua hata mmoja. Njugu zilikuwa zimelowa jasho ndani ya ngumi yake.

Feri ikagusa gati. Mama alimgeukia, akaitazama ile ngumi.

“Kama huzili, nyathina, mwanangu, usizitupe ziwani,” alisema polepole, akimnyooshea kiganja. “Nirudishie tu.”