Picha Aliyoitazama Mara Tatu

Ndani ya basi, kinyozi alimsimulia jirani yake wa kiti picha ya sinema ya jambazi na mpenzi wake, aliyoitazama mara tatu. Mshonaji aliyekaa nyuma yao akatega sikio.

"Mara tatu? Si mwisho unaujua, kaka?" jirani akauliza.

"Mara ya kwanza nilishtuka yule dada alipomkimbia. Niliporudia nikaona tangu mwanzo anamfundisha jamaa kupika. Kumbe anaaga."

Akashusha sauti. "Mke wangu naye alinifundisha kupima dawa ya mtoto. Nikamwambia asinisumbue, natazama mpira. Akarudi kwao, akaniachia mtoto. Leo naenda huko, nimwambie sasa najua kuipima."

"Shemeji akisikia hivyo, si ataona wewe na mtoto mnaweza bila yeye?" jirani akasema.

Basi likasimama. Kinyozi, ambaye hapo ndipo alipopaswa kushuka, hakuinuka. Mshonaji naye alisahau kituo chake.