Mwalimu Bhoke na Sindano ya Osiri

Wasikilizaji wapendwa, leo najivuna huku machozi yananilengalenga. Tunamkumbuka Mwalimu Bhoke wa Rongo, mwanamke aliyefundisha fizikia, aliyetuacha Jumanne kwa ugonjwa wa moyo.

Mwaka 1993 kakake, Nchagwa, alichimba dhahabu kule Osiri. Zamani wachimbaji waliteremsha koroboi, kile kitaa cha mafuta, shimoni kwa kamba. Ikizimika, hewa hakuna, hakuna kushuka. Halafu tochi zikaja, nao wakateremsha tochi. Jamani, tochi! Tochi haivuti pumzi. Nchagwa akaona mwanga, akashuka. Hakupanda tena.

Mwalimu aliwasihi warudie koroboi. Wakamcheka, ati koroboi ni ya kizamani. "Haya," akasema, "nitawaletea ya kisasa."

Akaenda Rodi Kopany, kwa fundi wa magari, akapata kipande cha kauri kutoka ekzosi, bomba la moshi, ya gari bovu, kile kinachopima oksijeni kwenye moshi. Binti yake, Risper, anakumbuka: "Alikipasha moto jikoni, sisi na njaa yetu tunangoja ugali." Kwanza alidhani kimeharibika, maana kilitakiwa kutoa umeme pale tu oksijeni ya pande mbili inapotofautiana. Hewa ilikuwa ile ile pande zote, na bado kinatoa umeme. Kumbe ni joto! Upande mmoja ukiwa moto kuliko wa pili, kauri ile inatoa umeme kidogo. Na oksijeni ikipungua, umeme huo unabadilika, na sindano ya mita inasogea. Kukitengeneza kifaa mpaka kikubali kulimchukua miaka minne. Miaka minne, wasikilizaji!

Mwaka 1997 akakiteremsha kifaa chake Osiri, kwa waya na betri ya gari. Tochi kule chini inang'aa. Sindano ikaingia alama nyekundu, yaani hewa hakuna. Ogeto, mkubwa wa wachimbaji, akasema mashine ya mwalimu ina wazimu, akajifunga kamba kiunoni ashuke.

Mwalimu akaketi kwenye mdomo wa shimo, pwaa! Kwa wachimbaji wale, mwanamke kukaa pale ni mwiko, dhahabu itakimbia. Ogeto akamtukana matusi nisiyoweza kuyasema hewani.

"Nitukane ukiwa hai," Mwalimu akamjibu.

Wakaleta koroboi ili wamwaibishe. Ikazimika kabla ya kufika nusu ya shimo. Tangu siku hiyo hawakushuka bila sindano ya Mwalimu, na shimo lile halikumeza mtu mwingine.

Risper na jamaa wote, poleni sana. Mama yenu alikuwa mtu.

Jana Ogeto alimchimbia kaburi peke yake. Alikataa kusaidiwa. Nanyi mnaonisikiliza, fikirini: nani aliwahi kuwazibia njia ili mpone, mkamtukana? Kama yu hai, mwendeeni leo.