Maisha ya Daktari Wahu, na Kosa Nililomtwisha

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Mungai, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu.

Daktari Hannah Wahu Kibe alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Riruta, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Kibe na Mama Wangui, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi papo hapo Riruta, akafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, mwaka 1993 na ule wa sekondari, KCSE, mwaka 1997, kisha akajiunga na chuo kikuu, kampasi ya Kabete, alikohitimu udaktari wa mifugo mwaka 2004. Baba alitaka daktari wa watu, nasi tukaona haya pamoja naye, hata siku ya harusi yake na Bwana Waithaka, tarehe 18 Agosti 2007, mimi ndiye niliyemwambia mshereheshaji amtaje kuwa daktari, basi, asiendelee. Walijaliwa binti mmoja, Jackie, mwaka 2010.

Mwaka 2011 alifungua kliniki karibu na Adams Arcade, akajitolea zaidi kwa meno ya mbwa na paka, kwani alisema mnyama anaweza kuumwa na jino miaka mingi na bado akutingishie mkia. Aliwafundisha wenye wanyama kuwapiga mswaki kila siku, kwa dawa ya meno ya wanyama, si hii yetu inayoweza kuwadhuru, na kuwaleta wakaguliwe kila mwaka.

Hapa karatasi niliyopewa inahamia kwenye ugonjwa wake, lakini naomba mnivumilie.

Mwaka 2019 Wahu aliniletea mswaki wa mbwa wangu mdogo, Bosco, pale ninapoishi Kilimani, akanionyesha namna ya kuinua mdomo na kusugua pale jino linapokutana na ufizi. Mswaki ule niliung'arishia viatu. Bosco alipoanza kunuka mdomo nilimfungia nje kwenye roshani, na Februari 2022, alipokataa chakula, nilimgombeza kwa kuringa, nikamwacha na njaa siku tatu. Wahu alipita Jumapili iliyofuata kunisalimu, akamfunua Bosco mdomo.

"Taya limevunjika, Mungai. Ufizi umeoza mpaka mfupa ukalegea. Ameanza kuumwa lini?"

"Sijui."

"Si anaishi kwako?"

Alimtia nusukaputi siku iyo hiyo, akamng'oa meno kumi na moja, akaliunga taya. Majirani walipomwona Bosco ameshonwa, wakaniuliza, na mimi kwa aibu nikawaambia kwamba dada yangu alikuwa akimsafisha meno akamvunja taya. Maneno hayo yaliingia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji, yakafika mbali, na wateja wengi wa Kilimani wakaacha kwenda kwake, mpaka akafunga chumba kimoja cha kliniki. Alijua yametoka kwangu. Hakuniuliza, wala hakujitetea kwa mtu yeyote.

Mwezi Mei 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na Septemba akalazwa hospitalini Parklands. Nilikwenda kumwona wiki saba, kila mara nimeazimia kusema.

"Bosco anakula?" aliniuliza mara ya mwisho.

"Anakula vizuri."

"Unampiga mswaki?"

"Kila siku, Wahu," nikajibu, na hilo lilikuwa kweli, kisha nikaanza kumweleza habari za mvua. Alituacha tarehe 6 Novemba 2025, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Riruta waliolala nasi matangani, na wenzake kazini, hasa Nadira, msaidizi wake, aliyejua ukweli wote na bado akanipa mkono leo asubuhi. Nanyi mliotoka Kilimani, taya lile lilivunjika nyumbani kwangu, kwa uzembe wangu, na mikono ya dada yangu ndiyo iliyoliponya. Mama, nisamehe kwamba unayasikia haya hapa mbele ya watu, kwa mara ya kwanza.

Wahu, pumzika kwa amani, nami sikuombi leo msamaha ambao sikuwa na ujasiri wa kuuomba ukiwa hai.