Msalaba Chini ya Benchi

Elfu themanini hizo si za sadaka wala si za dawa, na nyinyi wawili mnaogombana juu ya kichwa changu kana kwamba nimeshazikwa, kaeni chini. Wewe mwanangu wa kwanza, mzee wa kanisa, iache hiyo bahasha. Kuikuta ndani ya Biblia yangu hakuifanyi mali ya kanisa. Na wewe binti yangu, unesi wako haukupi ruhusa ya kumwita kaka yako mchuuzi wa mbingu. Naye akikuita mpagani tena, nitamkatiza vilevile.

Tegeni masikio, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Pesa hizo ni za Msasa.

Mnamkumbuka. Seremala mwenzangu, miaka ishirini tumekula vumbi la mbao pamoja, mtu asiyeamini kuna Mungu na hakumficha yeyote. Jina la Msasa tulimpa kwa sababu hakuna kazi aliyoiona imelainika vya kutosha. Hata chini ya benchi, mahali pasipotazamwa na mtu, alipiga randa. Nikamchokoza: "Wewe huna Mungu wa kukuchungulia, huko chini unamlainishia nani?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Kuna mama atashika hapa akitaka kuinuka. Na wewe je?" Nikasema, "Mungu anaona hadi huko." "Basi mwambie anishikie taa," akasema, tukacheka hadi mteja akadhani tumelewa. Miaka yote hiyo tulibishana ni nani aonaye chini ya benchi, wala hatukutambua kwamba sote wawili tulikuwa tumepiga magoti, tunalainisha mahali palepale.

Sasa aibu yangu. Lilikuja agizo la mabenchi arobaini ya kanisa jipya, tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa. Msasa akasema mbao bado mbichi, tungoje wiki tatu, kisha akaenda kumzika mama yake. Mimi na hasira zangu za karibu, nisiyetaka kuambiwa nimechelewa, nikayaunganisha ya mwisho kwa mbao zilezile, na chini sikupitisha randa hata mara moja. Nikatia alama yangu tu. Mnaijua desturi ya karakana yetu: kila kiungo, aliyekifunga huchora alama ya penseli chini yake, kikilegea ajulikane wa kuulizwa. Msasa alichora duara. Mimi nilichora msalaba.

Miezi miwili, mbao zikakauka, zikanywea, viungo vikaachia. Benchi likaanguka na mama mmoja mzee wa kwaya, mkono ukavunjika. Kabla mtu hajainama kutazama, nilikuwa nimeshauchukua ule mguu wa benchi wenye alama yangu, nikasema naenda kuutengeneza. Kwenye kikao cha wazee mmoja akasema, "Kazi ya yule asiye na Mungu, mlitegemea nini?" Wote wakanigeukia. Nami, ninayejisifu mbele za watu kwamba sizungushi maneno, nikasema, "Mimi kila ubao niliougusa niliuombea." Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Msasa akalipa hospitali, elfu themanini. Nilimuuliza kwa nini, tena kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyenikosea. Akasema, "Mkono umevunjika, na benchi limetoka kwetu." Aliijua kazi yake na isiyo yake. Alingoja niseme. Alingoja wiki nzima, kisha akafunga vyombo vyake akaondoka, na huu mwaka wa kumi na moja hakuna muumini anayempa hata kiti cha kugongea msumari. Anatengeneza vigoda kando ya barabara. Nikimwona, navuka upande wa pili. Pesa zake nilizikusanya mapema, lakini miguu ya kuzipeleka sikuipata.

Binti yangu, uliponiambia huamini tena nilikufukuza mezani. Haikuwa kwa ajili ya Mungu. Uliongea wazi kama Msasa, nikashindwa kukutazama. Nisamehe. Na wewe kaka mtu, usione wema wa dada yako ni wa kuazima. Yeye anayewageuza wagonjwa na wewe unayewaombea mnainamia kitanda kimoja. Bishaneni, sikatazi. Lakini inameni pamoja.

Nipe maji... basi, yanatosha.

Mguu wa benchi uko chini ya kitanda hiki, ndani ya gunia. Msalaba bado unaonekana. Jumapili uupeleke wewe, mzee wa kanisa, dada yako asimame kando yako, muugeuze watu wote waone. Mungu ninayemwamini awashike mikono... na wewe, binti yangu, usiyemwita, akushike hivyohivyo... Sioni vizuri sasa. Msinisifu kaburini. Elfu themanini, mkononi mwake. Na jina lake. Mrudishieni.