Komisea Aliyekataa Tarehe Moja ya Mwezi wa Kwanza

Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa huu wa Beechmont, Louisville, nanyi mliotoka Columbus na Buffalo kuja kulia pamoja nasi, Mungu awabariki. Mimi ni Ruta, mwana wa marehemu, na familia imenituma niwasomee kwa kifupi maisha ya baba yetu, Mzee Ndahiro Rugamba, ingawa maisha yenyewe hayakuwa mafupi.

Baba alizaliwa mwaka 1939 katika nyanda za juu za Kivu ya Kusini, siku haijulikani, na hata kama karatasi zake za Amerika zinasema tarehe moja mwezi wa kwanza, yeye aliikataa mpaka mwisho, kwa hiyo nasi hatuisomi. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akasoma kwa wamisionari, akamaliza sekondari Bukavu mwaka 1961, akawa mwalimu. Tarehe 6 Julai 1968 alifunga ndoa na mama yetu Yudita, Mungu akawajalia watoto watano, ambao watatu wamemtangulia.

Tarehe 2 Septemba 1974 serikali ya Zaire ilimteua kuwa komisea wa zone, yaani mkuu wa wilaya, awatawale watu wasio wa lugha yake, kwa amri za wakubwa wa Kinshasa ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Alikuwa na gari, dereva na bendera, lakini gari halikupanda vilima, basi alikwenda kwa miguu na kitabu cha kuandikisha watoto, akikaa na kila mama, akimwuliza kama mtoto alikuja kabla ya kuvuna maharagwe au baada, siku ya soko au Jumapili, mpaka siku ipatikane, na isipopatikana aliandika kwamba haijulikani. Wakubwa walimwandikia kwamba anachelewesha kazi, wasiojulikana wote wawekewe tarehe moja mwezi wa kwanza, naye akajibu kwamba kitabu cha serikali hakiandikwi uongo. Barua ya tatu, mwaka 1981, ilimwondoa kazini, akarudi kushika chaki, na hatukumsikia akilalamika. Ndugu Mugisho Bagula wa Buffalo, mzaliwa wa vilima vile, amekuja na karatasi yake ya kuzaliwa yenye sahihi ya Baba.

Vita vilitufikisha kwenye kampi ya wakimbizi Burundi mwaka 2004. Mwaka 2008 tuliitwa kwa mahojiano ya kuja Amerika, na kila mtu kampini alijua kwamba mtoto aliyepita miaka ishirini na moja hutolewa kwenye faili ya wazazi, tena kwamba kupunguza mwaka mmoja au miwili si kitu. Baba aliulizwa umri wangu nikiwa nimekaa kando yake, akasema nina ishirini na miwili. Yeye, Mama aliyekuwa mgonjwa wa moyo, na dada yangu Isimbi walifika Louisville tarehe 9 Septemba 2009, mimi nikabaki kampini mpaka tarehe 3 Februari 2015, niliposhuka Columbus.

Hapa Beechmont komisea alipanda basi la mji kama sisi sote, akafagia ukumbi wa kanisa kila Jumamosi, na wazazi wa miji hii mitatu walimpigia simu mtoto akizaliwa, aandike siku na saa katika daftari lake, ambalo lina watoto mia mbili na kumi na mmoja.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2016, nikahamia Louisville kumwuguza, akafariki hospitalini Ijumaa tarehe 14 Oktoba, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, na wenzetu wa kazini waliotushikia zamu.

Limebaki jambo moja, ambalo halimo katika karatasi waliyoipitisha wazee. Wengi wenu mmenisikia nikisema kwamba Baba aliniacha kampini kwa kiburi cha ukomisea, naye alizisikia habari hizo na hakujitetea. Wiki moja kabla ya kufa aliniambia, "Ruta, siku ile nilikuangalia. Ungetikisa kichwa tu, ningesema uongo." Mtu aliyepoteza cheo kwa ajili ya tarehe za watoto wa wengine alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili yangu, na jambo hilo lilinitisha, nikatoka nje bila kumjibu, na niliporudi alikuwa hawezi tena kusema. Basi namjibu mbele yenu. Nilikuona ukiniangalia, Baba, na nilinyamaza kwa kupenda kwangu. Pumzika kwa amani.