Saa Mia Sita za Bi Mboji

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Mboji, na waliochelewa darasani kwake walimwita majina mengine nisiyoweza kuyasoma hapa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano, na mimi ninayesoma ni kitindamimba, niliyelelewa mgongoni kwake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1963 hadi Desemba 1969, akafaulu, lakini nafasi ya kuendelea akapewa kaka yetu anayemfuata, jambo ambalo hakulisahau wala hakumruhusu kaka alisahau.

Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akafua mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na sita, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2010. Alifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1977 na fundi saa, shemeji yetu mpole aliyetutangulia mwaka 2012, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu saba.

Tarehe 6 Februari 2017 alianza mafunzo ya waelimishaji wa bustani wa kujitolea, katika ukumbi wa juu wa ofisi ya mji, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote na kuliko mkufunzi mwenyewe, akajifunza kuandaa kitalu, kuivisha mboji na kuwafundisha wengine, na baada ya wiki kumi na mbili akawa wa kwanza katika mtihani. Aliambiwa kwamba ili apewe cheti, afundishe kwanza saa arobaini katika bustani yenye maji ya bomba, akaenda kuomba ufunguo wa bomba lililo nyuma ya zahanati, akajibiwa na afisa kwamba ufunguo hapewi mtu asiye na cheti. Jamani! Alirudi ofisini mara kumi na nne, kila mara njoo kesho, njoo Jumatatu, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Dada hakungoja. Alibeba maji kutoka nyumbani kwake, ndoo mbili kila asubuhi, akapita mbele ya bomba lenye kufuli, akawafundisha wajane, wajawazito na wagonjwa wa zahanati kulima mboga zao, kwa miaka mitano, na daftari lake linaonyesha saa mia sita na kumi na moja, ambazo ofisi haikuhesabu hata moja.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, daktari akamkataza kubeba ndoo, naye akabeba nusu ndoo, akidai kwamba nusu haikutajwa. Tarehe 30 Mei 2022 alianguka hatua chache kutoka bomba lile, akalazwa, na Ijumaa tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukesha naye, na wafuaji wenzake, ambao ndio waliofua na kunyoosha shuka lililomfunika leo.

Ofisi ya mji nayo imetuletea jana cheti chake, kwenye fremu ya kioo, pamoja na barua inayosema kwamba saa zake zimekubaliwa kwa heshima ya marehemu. Miaka mitano ilishindikana, siku moja ikatosha, kumbe sharti lililobaki lilikuwa afe! Tumekasirika, na hatutajifanya hatujakasirika kwa sababu tuko msibani.

Afisa, umekaa safu ya pili, tumekuona, na kwa heshima zote cheti hicho utaondoka nacho, maana huko aendako hakuna atakayemwuliza karatasi, lakini wanafunzi wake wamesimama hapo nyuma, na mboga zao hazijanywa maji tangu alipoanguka, kwa hiyo jeneza halitanyanyuliwa hapa kabla ufunguo wa bomba haujawekwa mezani.

Dada, wewe pumzika, tuachie sisi ugomvi.