Mzee Kikapu na Orodha Aliyoikosea

Wengi mliofika kumsindikiza leo mlimwita Mzee Kikapu, na baadhi yenu hamkuwahi kujua kwamba alikuwa na jina jingine. Hakuchukia. Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango wa tatu kutoka kwenye tangi la maji, akiwa kitinda mimba katika watoto wawili. Baba yake alikuwa fundi wa injini, na mama yake alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mama alipofariki mwaka 1955, dada yake wa miaka kumi na mitano ndiye aliyebaki kumwamsha asubuhi, kumkagua kucha na kumsukuma shuleni.

Alisoma shule ya msingi ya reli tangu 1952 hadi 1959, kisha sekondari hadi mwisho wa 1963. Ada ya sekondari ilitoka kwenye posho ya dada yake, aliyekuwa akisomea uuguzi na kumiliki jozi moja tu ya viatu. Katika hesabu marehemu hakuwa na mpinzani. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Majibu anayo yote. Ajifunze kusikiliza maswali." Ripoti hiyo tunayo nyumbani, imekunjwa mara nne. Alimaliza cheti cha takwimu katika chuo cha biashara mwaka 1966.

Jumatatu, tarehe 2 Januari 1967, aliajiriwa kuwa karani katika mfuko wa pensheni, akadumu hapo miaka thelathini na saba hadi akawa mkuu wa kitengo. Kazi yake ilikuwa kupima maisha yamepanda kiasi gani kila mwaka, ili wastaafu waongezewe kiasi hicho. Mwaka 1969 alitunga orodha ya vitu hamsini na viwili, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alichukua kikapu akazunguka maduka yaleyale kuuliza bei zilezile. Kikapu kilirudi kitupu, kwa hiyo wenye maduka walimwona ana mkono wa birika. Ofisini alikuwa na kazi ya pili: kuchora mistari miwili ya miaka hamsini ijayo, mmoja wa fedha zinazoingia kutoka kwa wafanyakazi, mwingine wa zinazotoka kwa wazee. Mwaka ambao mistari hiyo ingekutana ndio mwaka wa mfuko kuanza kukauka, na marehemu aliuogopa kama ugonjwa wa ukoo.

Ndoa nayo ilitokana na kikapu. Katika duka moja alikuwapo binti aliyeuza sabuni, na marehemu alimwuliza bei ya mche wa sabuni miezi kumi na mmoja mfululizo bila kununua hata mmoja. Mwezi wa kumi na mbili yule binti alichoka. "Kaka, ama ununue ama uoe," akamwambia. Walioana Jumamosi, tarehe 17 Aprili 1971, na Mungu akawajalia watoto watatu. Sabuni, mama yetu anasisitiza, hakuinunua hadi leo.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2004, akaagwa kwa hotuba ndefu na saa ya ukutani. Alijua ameacha kazi safi. Miaka miwili baadaye dada yake, ambaye kwa wakati huo alikuwa muuguzi mstaafu, alifika nyumbani na kukataa hata kuketi.

"Mdogo wangu, hiyo nyongeza yenu ya asilimia tatu kwa mwaka mnaipimia wapi?"

"Madukani, dada. Hesabu ni sahihi."

"Basi vaa viatu, twende."

Walianzia duka la dawa. Dada alikuwa na cheti cha daktari cha vidonge thelathini vya presha, akaomba kumi. Marehemu akamwuliza kwa nini. "Mimi ni muuguzi," akajibu. "Najua siku gani naweza kuruka dozi nisianguke." Kutoka hapo wakaenda kwa fundi wa miwani, wakapanda gari kwenda kliniki na lingine la kurudi, kisha wakamlipa jirani aliyempandishia dada mtungi wa gesi hadi ghorofa ya tatu, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamekataa ngazi.

Alipofika nyumbani aliitoa orodha yake. Ilikuwa na sare za shule, nauli ya kwenda kazini, soli za viatu na nyembe. Dawa ilikuwa moja, ya kichwa. Ndipo alipokumbuka alivyoitunga: aliwauliza makarani kumi na wawili wa ukumbi wao wanatumia nini, kwa sababu ndio waliokuwa karibu, na mkubwa wao kwa umri alikuwa na miaka thelathini na minne. Hakumwuliza mstaafu hata mmoja. Wazee walifika ofisini mara moja tu kwa mwaka, kwenye uhakiki, kuonyesha kwamba bado wako hai. Kwa miaka yote hiyo dada yake na maelfu ya wengine waliongezewa kwa kipimo cha vijana. Mama anasema alikaa mezani akalia bila kujificha.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Lakini aliomba ruhusa ya kukaa kwenye foleni ya uhakiki, na kwa miaka mitatu mfululizo akauliza mzee mmoja baada ya mwingine ananunua nini na ameacha kununua nini, akatunga orodha mpya. Tarehe 10 Juni 2010 alisimama mbele ya wadhamini wa mfuko akasema, "Orodha ni yangu, na nilikosea." Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba wakiifuata orodha mpya, mfuko utakauka miaka tisa mapema. "Najua," marehemu akasema. "Hesabu hiyo nimeipiga mwenyewe." Walimpa chai, wakamsindikiza hadi mlangoni.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Binti yake mkubwa, mwalimu, ambaye mshahara wake hukatwa kila mwezi kwa ajili ya mfuko huohuo, alimjia juu. "Yaani baba, mkosee ninyi, nikatwe mimi? Na mimi nikizeeka nitakuta nini humo?" Marehemu hakujitetea. "Una haki," akasema. "Nipe muda."

Alichukua miaka saba. Alipendekeza wafanyakazi waongeze nusu asilimia na waajiri nusu. Wenye pensheni ndogo wapate nyongeza yote kwa orodha ya wazee, na wenye pensheni kubwa wapate nusu yake. Na kila miaka mitano mistari ichorwe upya, ili mfuko ukianza kuyumba wabane matumizi vijana na wazee pamoja. Kwa mpango huo mfuko haukupoteza hata mwaka mmoja. Pensheni yake mwenyewe iliangukia upande wa nusu, na mama alimwuliza kama amerukwa na akili. Wadhamini walikubali, ila wakataka wafanyakazi wapige kura. Jumamosi, tarehe 24 Novemba 2018, walimu walikutana ukumbini. Marehemu alikaa nyuma, haruhusiwi kusema, akimtazama binti yake. Binti aliinua mkono kuunga mkono, akiwa miongoni mwa wa mwisho, na mpango ukapita. Wiki moja kabla alikuwa amemsindikiza shangazi yake duka la dawa.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2019, akalazwa tarehe 3 Mei. Malipo ya kwanza kwa orodha mpya yalikuwa yametoka tarehe 26 Aprili. Dada yake, mwenye miaka sabini na tisa, alipofika wodini aliulizwa hata kabla ya salamu: "Imekuja asilimia ngapi?"

"Asilimia sikutazama," akamwambia. "Nimenunua vidonge vyote thelathini."

Alimwonyesha boksi. Marehemu alilishika muda mrefu, akasoma hadi maandishi madogo ya pembeni. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Dada yake alikuwa amemshika kifundo cha mkono akipima mapigo, na ndiye aliyetamka saa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja aliyemlea. Jina lake litafutwa kwenye daftari la wanaolipwa mwezi ujao. Binti yake mkubwa, aliyeandika wasifu huu na anayewasomea sasa, ataendelea kukatwa ile nusu asilimia kwa ajili ya shangazi yake na wazee wengine asiowajua. Baba hakumwuliza kama alikuwa amemsamehe. Anamjibu leo, mbele yenu: ndiyo, baba. Pumzika sasa kwa amani.